Mhanga na Kinyesi cha Tembo

Enzi ambazo sururu ilikuwa kucha, Mhanga, fundi wa kuchimba, aliona mawe mekundu ya thamani kwenye njia ya tembo. Akaacha kuwinda mchwa, akaitoboa njia mashimo na kuiziba kwa miiba.

Bibi Tembo akaja na wanawe. "Chimba, Bwana Mhanga, lakini tuachie upenyo. Hapa ndipo tunapopita kwenda mtoni."

"Zungukeni mlima!" akafoka Mhanga. "Mnanifukia mashimo, na kinyesi chenu kinanuka."

Tembo wakazunguka mlima.

Njaa ilipomuuma, Mhanga alikwenda kwenye vichuguu, akamkuta mchwa wa mwisho akifunga virago.

"Mnahama?"

"Tulikuwa tukila kinyesi cha tembo. Sasa tule mawe yako?"

Mhanga akafukia mashimo yote ya njiani, akang'oa miiba, akamfuata Bibi Tembo ng'ambo ya mlima. "Bibi, njia iko wazi. Rudini."

"Wanangu wamekwisha kuisahau. Hawapiti mahali pasiponukia tembo."

Basi ukimwona Mhanga akitembea amejitwika kinyesi, akikimwaga kidogo kidogo njiani, usimcheke. Anawaomba wenye njia warudi.