Tundu la Ubavuni

"Umesema pembe hii ni ya ukoo wenu," mkuu wa makumbusho alimwambia Bi Shee. "Ukiipuliza ikalia, utaondoka nayo."

Alisema kwa kujiamini, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshaipuliza kwenye ncha na haikutoa hata mnong'ono. Kibandiko chake kiliandikwa: Pembe bubu, kutoka ng'ambo.

Bi Shee akaipapasa ubavuni. Kidole kikakwama kwenye kibonge cha nta.

"Nani kaziba hapa?"

"Sisi. Hilo ni tundu la mdudu."

"Mdudu gani huyo anayetoboa duara safi namna hii?"

Akachomoa pini kwenye mtandio wake, akaikwangua nta mpaka ikadondoka yote mezani. Kisha akaikingamisha pembe mdomoni, kama babu yake alivyokuwa akiishika siku za harusi, akavuta pumzi.

Mlio ulitoka mzito, vioo vya makabati vikatetemeka. Mkuu akasimama bila kujua kwa nini amesimama.

"Kuna karatasi za kusaini," alisema.

Bi Shee hakuzingoja. Akatoka nayo huku anaipuliza, na bawabu, bila kuambiwa na mtu, akaifungua milango yote miwili.