Chumvi ya Donge

Kila Jumatatu mwalimu Apolonia alikanda donge la kuchezea la watoto wa chekechea: unga wa ngano, mafuta, rangi ya chakula, na chumvi tele, makusudi. "Mtoto akionja leo, kesho harudii," alipenda kujisifu.

Siku hiyo watoto walifinyanga nyoka na magari. Semeni, mwenye miaka mitano, alifinyanga chapati tano nyekundu, akazipanga mezani kama mtu anayetenga chakula.

"Za nani hizo?" mwalimu akamuuliza, akicheka.

"Za nyumbani. Naomba nikamwonyeshe mama."

Mwalimu akamfungia chapati zake kwenye mfuko. Alifurahi kuona mtoto huyu mkimya amependa kitu hatimaye.

Jumatatu iliyofuata Semeni alisimama kando ya beseni, akimtazama mwalimu akichanganya unga. Mwalimu alipochota chumvi, mtoto akamvuta gauni.

"Mwalimu, mama anasema asante kwa chapati. Ila chumvi anaomba upunguze. Mdogo wangu alishindwa kulala kwa kiu."

Mkono wa mwalimu ukabaki hewani juu ya beseni, chumvi ikimvuja kidogo kidogo katikati ya vidole.