Nondo ya Tatu

Fundi rangi aligusa nondo ya dirisha la jikoni, akalamba kidole, akatema. Chumvi.

"Dada, sufuria zako huwa zinarukia dirishani?"

Mke wa mwenye nyumba hakucheka. Alikuwa akimenya viazi bila kuvitazama. Nondo zote zilikuwa nzima isipokuwa ya tatu. Hiyo ya tatu, kutu ilikuwa imeitafuna juu na chini, ikabaki nyembamba kama penseli.

"Hiyo ipake rangi tu," alisema kwa sauti ya chini. "Usiiwekee dawa ya kutu."

"Rangi juu ya kutu? Huko ni kumvisha mgonjwa suti. Mwakani utaniita mwizi."

"Sitakuita."

Fundi akasita, kopo la dawa mkononi. Dawa ile hugeuza kutu kuwa ngozi nyeusi isiyopitisha maji, ila inataka kukwangua kwanza, kisha kusubiri ikauke. Akimsikiliza mama huyu, atafika nyumbani mapema. Lakini kazi mbovu humfuata fundi mpaka mtaa wa pili.

"Kaka yangu, nakuomba," alisema, akaweka kisu chini.

Mkono wa birika huyu, fundi aliwaza. Dawa yenyewe kanunua mumewe!

"Kuna nini huko?" mume aliuliza kutoka sebuleni.

Mke akainamia viazi.

"Nondo moja imeliwa na kutu, bosi. Niipake dawa au rangi inatosha?"

"Dawa! Tena mara mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Basi fundi akakwangua, akapaka dawa mara mbili, ilipokauka akapaka rangi. Alipogeuka, mwanamke alikuwa analia waziwazi. Fundi alimwonea huruma, asijue la kufanya.

"Usihuzunike, dada. Hii sasa itatuzika sote."

Jioni mume alimtoa fundi nje. Akauvuta mlango wa chuma, akaufunga kwa kufuli kubwa, akalitikisa, kisha akatia ufunguo mfukoni.

"Na shemeji je?" fundi aliuliza.

"Shemeji yuko nyumbani kwake," mume alijibu, akatangulia.

Fundi akageuka nyuma. Kule dirishani, mke alitia chumvi kwenye kikombe cha maji, akakoroga, akaimiminia nondo ya tatu polepole kama alivyozoea. Maji yakateleza juu ya rangi mpya, yakadondoka yote chini.