Baba Mdogo

"Hapa imeandikwa baba ya hawa watoto ni Biar," askari wa kizuizi cha barabarani alisema, akikigeuza kibali cha kusafiri kana kwamba jibu liko upande wa nyuma. "Na wewe ni Thon. Sasa wewe ni nani yao?"

"Baba mdogo."

"Na baba mwenyewe?"

"Mto ulimchukua. Tulikuwa tunakimbia vita."

Askari aliinama dirishani akawatazama watoto: Nyabol wa miaka mitano, na Yai wa miaka mitatu aliyekuwa amelala mapajani mwa mama yao, Akuol. Akarudisha karatasi.

"Poleni. Huko ziwani muwachunge. Kuna mamba."

Gari likaiacha Lodwar na kushika njia ya Kalokol. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, mwaka 2013, na hii ilikuwa safari yao ya nne tangu mwaka uanze. Majirani wa kambini Kakuma walimcheka Thon. Mtu mzima anapanga foleni ya kibali, anasafiri siku nzima, anabanana na familia katika chumba kimoja Lodwar kwa sababu vingine vimejaa watu wa kampuni za mafuta, na yote hayo ili watoto wakacheze maji!

Thon aliwaacha wacheke. Hakuwapeleka kucheza, aliwapeleka kujifunza kuogelea.

Biar alikuwa kaka yake. Waliingia mtoni wameshikana mikono, risasi zikichapa maji pande zote, na katikati ya mto mkono wa Biar ukamponyoka. Thon alifika ng'ambo peke yake. Tangu hapo alijiapia jambo moja: maji hayatachukua mwingine wa nyumba ya Biar.

Nyumba hiyo aliitunza yeye. Ng'ombe wa mahari waliomtoa Akuol kwao walitolewa kwa jina la Biar, na Thon mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowaswaga. Sasa Akuol alikuwa na mimba ya miezi sita. Ilikuwa ya Thon, lakini mtoto huyo naye angeitwa wa Biar. Ndiyo mila ya Wadinka: ndugu huendeleza jina la ndugu aliyekufa, na yeye hubaki baba mdogo maisha yake yote. Thon hakulalamika. Ila mara mojamoja, Nyabol alipomkimbilia mikono wazi, alitamani lile neno "mdogo" limdondoke njiani.

Walipofika Longech, ukingoni mwa Ziwa Turkana, Lokwang, mvuvi aliyezoea kuwapa kivuli cha kibanda chake, aliwapokea kwa kelele za salamu.

"Ejok! Ejok! Hii mtoto ya kike ni wewe kabisa, Thon. Masikio, miguu, kila kitu. Umejizaa!"

"Ni wa kaka yangu."

"Basi kaka yako alikuwa pacha yako."

Akuol aliinama akaanza kupaa samaki.

Watoto walikuwa wamekwisha kujenga nyumba za mchanga ukingoni. Zilikuwa tatu.

"Hii yako, hii ya Yai," Thon alihesabu. "Na hii?"

"Ya Baba," Nyabol alisema. "Anataka kucheza."

Thon aliizunguka ile nyumba ya tatu asije akaikanyaga.

Upepo ulipotulia, somo likaanza. Alimfunga Nyabol jerikani tupu la lita tano kifuani ili asizame, akaweka kiganja chini ya tumbo lake.

"Piga teke! Tena! Usiyaogope maji!"

"Mimi siogopi. Wewe ndiye unaogopa."

Ilikuwa kweli. Thon hakuwahi kupita maji ya kiunoni.

Yai akaangua kilio, mchanga umemwingia machoni. Thon alimsogeza Nyabol hadi kwenye maji ya magoti, akamwambia asiondoke hapo, akaenda kumfuta mdogo wake. Alipogeuka, jerikani lilikuwa linaelea peke yake, mbali, pale ambapo mchanga hukatika ghafla na maji hubadilika rangi.

Akakimbia. Maji yalipomfika kiunoni, miguu ikagoma. Akasimama, mikono mbele, mdomo wazi, sauti haitoki.

Kisha Nyabol akaibuka. Hakuibuka kama mtu anayeogelea. Alitoka majini hadi tumboni, kama mzigo unaosukumwa kutoka chini, akaja hivyo hivyo, moja kwa moja, mpaka mikononi mwa Thon.

Akuol alikuwa ameligeuzia ziwa mgongo. Alipogeuka aliona tu Thon akitoka majini na mtoto kifuani. Akatupa kisu akaja mbio, tumbo mbele.

"Umemwokoa, Thon! Umemwokoa mtoto wa Biar!"

Thon alifungua mdomo amwambie ukweli. Nyabol akamtangulia. Alikohoa maji, akavuta pumzi.

"Ni baba mdogo," alisema.

"Ndiyo, mwanangu. Baba mdogo amekutoa. Mshukuru."

"Si huyu." Nyabol alimsukuma Thon kifuani ili apate nafasi ya kulitazama ziwa. "Huyu ni mkubwa. Yule mdogo, wa kule chini." Akainua kiganja chake juu kidogo ya kichwa. "Yuko hivi. Ameniambia yeye ndiye Baba."

"Maji imemwingia kichwani," Lokwang alisema, akijaribu kucheka.

Thon na Akuol walitazamana. Jambo hilo hawakuwa wamewaambia watoto. Biar alikuwa na miaka tisa mto ulipomchukua, na mwaka huo Akuol, aliyekuja kuozwa kwa jina lake, alikuwa bado ananyonya.