Bastola ya Kiwanda Kisichojulikana

Saa tatu asubuhi, Mwanahawa alishika bastola iliyokuwa ikiuzwa na Mkude, nyeusi kwa masizi. Katika klabu yao ya shabaha, mnunuzi huijaribu silaha ikiwa chafu, aone kama itakwama. Mashindano yalikuwa kesho yake, naye hakuwa na nyingine.

"Usinunue, shoga," alisema Sikudhani, aliyewahi kuwa na ya aina hiyo. "Yangu ilikwama kila wiki. Kiwanda chenyewe nani anakijua?"

"Wewe ulikuwa unaipaka mafuta kama chapati," Mkude alimjibu. "Mwache apige."

Mwanahawa alipiga mpaka risasi zikaisha. Bastola haikukwama hata mara moja, na karatasi ya shabaha ilitoboka katikati.

"Hee!" Sikudhani alinyoosha mkono. "Hebu nami nijaribu."

Mwanahawa alikuwa ameshaanza kujaza risasi nyingine.