Baiskeli ya Mashavu

Sheria ya daraja ni kilo sitini na tano, mtu pamoja na baiskeli yake; kwa miguu hairuhusiwi kuvuka. Ukizidi, geti halifunguki. Asiyevuka siku tatu, kazi yake na chumba chake hupewa mwingine.

Mke wangu Mashavu anafua mashuka ya hospitali ng'ambo ya daraja. Baiskeli yake niliiunda mwenyewe kwa mianzi, viungo nikavifunga kwa katani iliyochovywa kwenye gundi, maana zile nyepesi za dukani hatuziwezi. Ilikuwa na kilo tisa. Wakati huo hakuwa na mimba.

Sasa mimba ina miezi saba. Kila asubuhi hupanda kwenye mizani ya karakana yangu, kisha huniuliza, "Leo umetoa nini, Kitwana?"

Nimeshatoa kengele, stendi na madigadi. Kiti ni kipande cha dumu. Pedeli nimezitoboa mpaka zinapitisha mwanga. Juzi nilimkuta akiwamwagia kuku uji wake. Nikamwambia ale, cha kupunguza nitakitafuta mimi.

Leo akauliza tena.

"Kitu kidogo tu," nikamjibu.

Akashika usukani. Vidole vyake vikatafuta breki, visiipate. Akanitazama kidogo, akakaza kanga yake tumboni, akapanda.

Nilimsindikiza mpaka getini. Namba zikasimama kwenye sitini na tano kamili, na geti likafunguka taratibu kama kawaida.

Kuanzia pale getini, njia yote ni mteremko.