Mnara wa Riziki

Mpimaji wa akili za watoto, Bi Mwanahawa, alimweleza Riziki namna ya kujenga mnara wa vipande vya mbao, kisha akabonyeza saa. Mtoto akakaa tu, mikono mapajani. Kwa jedwali la wastani, lililotokana na vipimo vya watoto wa nchi nyingine, watoto wote wa mji huu walikuwa wazito wa akili.

“Mbona huanzi, mwanangu?”

“Hujanikaribisha, bibi.”

Mpimaji akairudisha saa mwanzo. “Karibu.”

Mnara ukasimama kabla mshale haujamaliza nusu duara.

Bi Mwanahawa akalikunja jedwali, akalisokomeza chini ya mguu wa meza iliyoyumba. Wastani wa hapa angeutafuta hapa hapa. Akafungua mlango. Barazani, watoto waliokwishafeli walikuwa wametulia mkekani.

“Karibuni,” akasema, na mkeka mzima ukainuka.